Ugonjwa usiosikia dawa: maswali yenu kuhusu bakteria sugu wa hospitalini

Toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie kuhusu maambukizi yanayopatikana wodini na bakteria wanaozikataa antibiotiki. Barua zimetoka pande zote mbili za kitanda, kwa wanaouguza na kwa wanaotibu. Tumezijibu kwa pamoja: mtaalamu wa maabara, mfamasia na daktari wa magonjwa ya maambukizi. Dozi tulizozitaja ni za mtu mzima mwenye figo zinazofanya kazi vizuri, na anayeamua ni daktari anayemwona mgonjwa.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa usaha. Majibu yanasema ni Klebsiella pneumoniae, na mbele ya dawa karibu zote wameandika R (dawa haimwezi bakteria). Zenye S (dawa inamweza) ni meropenemu na amikasini tu. Aliingia hospitali hana kidonda wala homa. Huyu bakteria katoka wapi? Ina maana mwili wa mama umezoea dawa?
*Binti anayeuguza*

Pole kwa kuuguza. Tuanze na swali la mwisho, maana watu wengi hujilaumu bure kwa hilo. Mwili wa mama haujazoea dawa yoyote. Aliyebadilika ni bakteria, na angeweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki maishani.

Klebsiella huishi kwenye utumbo wa watu wengi wenye afya bila kuwasumbua. Mtu akilazwa na kuanzishiwa antibiotiki, bakteria wapole wa utumbo hufa kwa wingi na wale sugu hupata nafasi ya kuzaliana. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni kutoka kitanda kimoja hadi kingine, kupitia mikono ya wahudumu, kipimajoto, mkanda wa kupimia presha, kingo za kitanda na beseni la choo. Tumbo likifunguliwa, au mshono ukiguswa na mkono usiooshwa, wa njia zote mbili wanaweza kuingia.

Klebsiella wa aina ya mama kwa kawaida hutengeneza vimeng'enya vinavyoitwa ESBL, ambavyo huivunja pete ya kemikali iliyomo ndani ya dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni kabla hazijafika kwenye ukuta wa seli. Jeni ya kimeng'enya hicho hukaa kwenye plazmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo ambacho bakteria mmoja humpitishia mwenzake wakigusana, hata kama si wa spishi moja. Plazmidi hiyohiyo mara nyingi hubeba pia jeni za kukataa jentamaisini na ko-trimoksazoli. Ndiyo maana R zimejipanga hivyo kwenye karatasi ya majibu. Na ndiyo maana dawa moja iliyotolewa bila sababu inaweza kumneemesha bakteria anayekataa dawa nyingine kabisa.

Sasa jambo la kufuatilia leo: usaha utoke. Antibiotiki haifanyi kazi vizuri ndani ya usaha, kwa kuwa damu haifiki, tindikali ni nyingi na bakteria wamerundikana. Waulize madaktari kama kidonda kimefunguliwa na kusafishwa, na kama ameshafanyiwa altrasaundi kuona kama kuna jipu ndani ya tumbo. Uliza pia figo zimepimwa lini, kwa sababu meropenemu (kawaida gramu 1 kila saa 8) hupunguzwa figo zikiwa dhaifu, na amikasini inaweza kuziumiza. Mwisho, uliza ni tarehe ipi watakaa kuamua kama dawa iendelee. Tarehe hiyo iandikwe kwenye faili.

Katika wodi yetu seftriaksoni huandikwa siku tano baada ya kila upasuaji, hata ule usio na tatizo. Nikiuliza naambiwa ni kinga. Je, inakinga?
*Muuguzi, wodi ya upasuaji*

Haikingi. Dawa ya kinga ina muda wake, nao ni mfupi: inatakiwa iwe imeshaenea kwenye damu na nyama wakati kisu kinakata ngozi, na ibaki humo mpaka mshono wa mwisho. Bakteria wa ngozi na wa utumbo huingia kidonda kikiwa wazi. Mshono ukishafungwa, dozi za siku ya pili hadi ya tano hazimzuii bakteria yeyote kidondani. Zinachofanya ni kuua bakteria wapole wa utumbo, kuwaachia uwanja walio sugu, na kumweka mgonjwa kwenye hatari ya kuharisha kunakoletwa na Clostridioides difficile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, uliotoka mwaka 2016, unapinga wazi kuendeleza dawa ya kinga baada ya upasuaji kukamilika. Hata mrija wa kutolea majimaji ukiwa bado upo, si sababu ya kuendelea.

Kwa upasuaji mwingi inatosha sefazolini gramu 2 kwenye mshipa (gramu 3 kwa mwenye kilo 120 na zaidi), ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Irudiwe ikiwa saa 4 zimepita mgonjwa bado yuko mezani, au amepoteza damu zaidi ya lita moja na nusu. Vankomaisini hupitishwa polepole kwa dripu, kwa hiyo ianze mapema zaidi, ndani ya dakika 120.

Kosa linaloharibu kila kitu ni la saa. Dawa inachomwa wodini asubuhi, mgonjwa anasubiri zamu yake kwa saa tatu kwenye korido, na anapokatwa dawa imeshashuka. Kwenye orodha ya ukaguzi inayosomwa kabla ya kukata, swali lisiwe "dawa ya kinga imetolewa?" bali "imetolewa saa ngapi?" Jibu liwe ni saa.

Ili kulianzisha jambo hili wodini bila ugomvi, usibishane na daktari kuhusu dawa. Mwombe aandike tarehe ya mwisho na sababu ya kila antibiotiki kwenye chati. Siku tano zikikosa sababu ya kuandikwa, mazungumzo yatajileta yenyewe.

Shikamooni. Niko kwenye mafunzo ya maabara. Wiki hii maduara ya uzuiaji (eneo linaloizunguka diski ya dawa ambako bakteria hawaoti) yamekuwa madogo karibu kwa kila diski, nikaandika R kwa wagonjwa wengi. Msimamizi ameyazuia majibu yote. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi*

Marahaba. Msimamizi wako amefanya vyema, kwa sababu R ya uongo humpeleka mgonjwa kwenye dawa za akiba asizozihitaji.

Kwanza angalia bakteria wa udhibiti, yaani yule ambaye majibu yake yanajulikana tayari, E. coli ATCC 25922. Kama na maduara yake yametoka nje ya kiwango, tatizo si wagonjwa, ni sahani au diski zako. Pima kina cha agari ya Mueller-Hinton, yaani ile jeli ya kuoteshea bakteria, kwa rula: inatakiwa milimita 4, ambayo kwa sahani ya kipenyo cha milimita 90 ni kama mililita 25. Agari ikiwa nene, dawa huzama chini badala ya kusambaa pembeni, na duara linasinyaa. Wanaomimina kwa kukadiria kwa macho hupata tatizo hili wiki moja na wiki nyingine hawalipati.

Kisha angalia uzito wa mchanganyiko wa bakteria. Unatakiwa ulingane na 0.5 McFarland, yaani mrija wa mfano wenye ukungu unaojulikana, ukilinganisha mirija miwili mbele ya karatasi nyeupe yenye mistari myeusi. Ukiwa mzito, bakteria hujaa kabla dawa haijasambaa. Utumie ndani ya dakika 15. Bonyeza pamba kwenye ukuta wa mrija ili maji ya ziada yatoke, paka sahani nzima mara tatu huku ukiizungusha nyuzi 60 kila mara, weka diski ndani ya dakika 15, na ndani ya dakika 15 nyingine sahani ziwe kwenye inkubeta ya nyuzi 35, zimepinduliwa, kwa saa 16 hadi 18. Usizirundike zaidi ya tano, kwani za katikati huchelewa kupata joto.

La tatu ni unyevu, na hapa ndipo wengi huteleza. Chombo cha diski kikitoka kwenye friji kikae mezani kimefungwa, saa moja hadi mbili, mpaka kifikie joto la chumba. Ukikifungua kingali cha baridi, mvuke wa hewani hutua juu ya diski, na dawa za beta-laktamu, yaani jamii ya penisilini na seftriaksoni, huanza kuharibika hapohapo. Wiki moja ya mtindo huo inatosha kuharibu kopo zima.

Kama tatizo lingekuwa la jentamaisini na amikasini peke yake, tungekuambia upime pH ya agari (7.2 hadi 7.4), maana tindikali ikizidi dawa hizo hudhoofika.

Ukishasahihisha hayo, kumbuka kuna maswali ambayo diski haiyajibu. Vankomaisini kwa Staphylococcus aureus haipimwi kwa diski, inahitaji kipimo cha kiwango cha chini cha dawa kinachozuia ukuaji. Kolistini nayo ina molekuli kubwa inayotambaa kwa shida kwenye agari, kwa hiyo duara lake halikuambii kitu, na hupimwa kwenye mchuzi kwa kuzimua dawa hatua kwa hatua. Kumtambua S. aureus anayekataa methisilini, yaani MRSA, tumia sefoksitini ya mikrogramu 30: duara la milimita 21 au chini ni sugu, 22 na zaidi si sugu. Na unapopima klindamaisini kwa stafilokoki, weka diski yake milimita 15 hadi 26 kutoka kwenye diski ya erithromaisini. Duara la klindamaisini likibonyea upande unaotazama erithromaisini na kufanana na herufi D, andika R hata kama ni kubwa. Usugu upo ndani, unasubiri kuamshwa na matibabu.

Chupa zetu za damu hurudi na Staphylococcus epidermidis mara kwa mara, na kila mara vankomaisini inaanzishwa. Ni maambukizi kweli?
*Muuguzi, wodi ya magonjwa ya ndani*

Mara nyingi ni bakteria wa ngozi aliyeingia na sindano. Akiota kwenye chupa moja kati ya nne, na mgonjwa hana mrija kwenye mshipa mkubwa wala kifaa chochote kilichopandikizwa, uwezekano mkubwa ni uchafu. Akiota kwenye seti mbili (kila seti ni chupa mbili) zilizochukuliwa sehemu tofauti, mchukulieni kwa uzito. Hii ndiyo sababu seti moja haitoshi: haikupi cha kulinganisha nacho. Ila S. aureus, E. coli, Klebsiella, Pseudomonas na fangasi wa Candida msiwaite uchafu hata wakiota kwenye chupa moja tu.

Suluhisho liko kwenye namna ya kuchukua damu. Sugua ngozi kwa klorheksidini asilimia 2 iliyo kwenye alkoholi ya asilimia 70, sekunde 30, kisha acha ikauke yenyewe sekunde 30 nyingine. Kuipepea au kuipangusa ni kuirudishia uchafu. Ukishasafisha usirudi kuupapasa mshipa kwa kidole, hata chenye glavu. Toa vifuniko vya chupa ufute mpira kwa alkoholi, maana chini ya kifuniko si tasa. Usivute damu kutoka kwenye kanula ya zamani. Jaza mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mtu mzima, kwa sababu bakteria kwenye damu ni wachache, pengine hawafiki mmoja kwa mililita, na ukichukua kidogo huwakuti. Chupa zisiingie kwenye friji. Kipimo cha wodi kujipima ni uchafu usiozidi asilimia 3 ya seti zote.

Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Lakini mgonjwa aliyeingia kwenye mshtuko wa sepsisi anatakiwa apate antibiotiki ndani ya saa moja, na dakika 45 zikipita damu ya kuotesha haijapatikana, mpe dawa.

Baba ana mpira wa mkojo wiki ya tatu sasa. Mkojo umeoteshwa, kuna Pseudomonas. Hana homa, anakula, anaongea vizuri. Apewe dawa?
*Kijana anayeuguza*

Kwa maelezo hayo, hapana. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, hivyo karibu kila anayekaa nao mwezi mzima huwa nao. Hujenga utando telezi juu ya mpira ambao dawa haiupenyi, na antibiotiki itawaacha wale sugu zaidi. Swali la kuuliza ni moja: mpira bado unahitajika? Kama hauhitajiki, utolewe leo. Akipata homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kuchanganyikiwa ghafla, hapo mambo yamebadilika: mpira ubadilishwe, sampuli itoke kwenye mpira mpya, na dawa ianze. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kiwango cha kibofu, usiguse sakafu. Mjamzito, na anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo, wana kanuni zao tofauti.

Vitakasa mikono huisha kabla ya mwezi kwisha. Tunaweza kutengeneza wenyewe hapa hospitalini?
*Mfamasia*

Mnaweza, na Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni yake. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145. Kisha jazia maji yaliyochujwa kwa mvuke, au yaliyochemshwa na kupoa, mpaka alama ya lita 10.

Weka alama hiyo kwenye chombo kabla ya kuanza. Tangulia na ethanoli, fuata na peroksaidi, gliserini iwe ya mwisho. Gliserini hung'ang'ania ukuta wa silinda ya kupimia, kwa hiyo isuuze silinda kwa maji hayohayo na uyamimine ndani, la sivyo utaweka pungufu na mikono ya wauguzi itapasuka. Mikono iliyopasuka haitaki tena kitakasa, na hapo kampeni yote imekwisha. Maji yaingie, funika mara moja alkoholi isipae, tikisa taratibu, gawa kwenye chupa.

Chupa zikae saa 72 kabla ya kutumika. Peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono, ipo kuua mbegu za bakteria zilizoingia na maji au chupa, na inahitaji muda huo. Pima kwa kipimaalkoholi: ethanoli ya mwisho iwe kati ya asilimia 75 na 85. Tengeneza mbali na moto, usizidishe lita 50 kwa mara moja. Chupa iliyobaki nusu isijaziwe juu. Irudi, ioshwe, itakaswe, ndipo ijazwe upya.

Matumizi ni kiganja kilichojaa, kusugua sekunde 20 hadi 30, bila kusahau ncha za vidole na kidole gumba, sehemu mbili zinazorukwa kuliko zote. Mikono yenye uchafu unaoonekana, na baada ya kumhudumia mwenye C. difficile, ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60, kwa sababu alkoholi haiui mbegu za bakteria huyo. Na glavu hazichukui nafasi ya haya yote. Muuguzi anayetoka kitanda hadi kitanda na glavu zilezile anawabeba bakteria vilevile kama asiyevaa.

Tunapiga deki kwa klorini mara mbili kwa siku, lakini Acinetobacter harudi nyuma. Klorini imeshindwa?
*Msimamizi wa usafi*

Acinetobacter baumannii anakaa kwenye sehemu kavu kwa wiki nyingi, na sakafu siyo makazi yake makuu. Yuko kwenye vitu vinavyoguswa: kingo za kitanda, vitufe vya mashine ya kupumulia, pampu ya dripu, mkanda wa presha, kitasa, pazia. Hamishia nguvu huko.

Klorini haijashindwa, ila mara nyingi hunyimwa nafasi. Ikimwagwa juu ya damu au vumbi lenye mafuta, uchafu huila kabla ya bakteria. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo klorini, ibaki imelowa dakika 10. Ukiipangusa baada ya dakika moja umeosha tu. Hesabu ya kuzimua: gawa asilimia ya dawa uliyonayo kwa asilimia unayoitaka, toa moja, utapata sehemu za maji. Dawa ya asilimia 5 kuwa 0.5 ni 5 kugawa kwa 0.5, yaani 10, toa 1: sehemu moja ya dawa kwa 9 za maji. Kwa nyuso za kawaida 0.1 inatosha, sehemu moja kwa 49. Tengeneza kila siku, hifadhi gizani, na usichanganye kamwe na tindikali wala amonia, gesi yake huumiza mapafu.

Kagua pia masinki. Pseudomonas na wenzake hujenga utando ndani ya bomba la maji machafu, na maji ya bomba yakilipiga tundu moja kwa moja hurusha matone hadi pembeni. Mabaki ya dripu, ya antibiotiki na ya uji wa mrija yasimwagwe kwenye sinki la kunawia mikono: ya kwanza na ya tatu yanawalisha, ya pili inawafundisha.

Tumempata Klebsiella anayekataa meropenemu. Kumebaki nini, na maabara yetu haina mashine ya vinasaba?
*Daktari, chumba cha wagonjwa mahututi*

Kinachoamua dawa ni aina ya kimeng'enya, kwa hiyo kijueni kwanza. Vimeng'enya hivyo vina majina: KPC alitengwa Marekani mwaka 1996 na kuripotiwa 2001. NDM alipatikana mwaka 2008 kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa India. OXA-48 alitokea Uturuki. Seftazidimu-avibaktamu huwazima KPC na OXA-48, lakini kwa NDM haifui dafu, kwa kuwa yeye hutumia zinki na avibaktamu haimshiki. Aztreonamu NDM haiwezi kuivunja, ila ESBL anayekaa naye kwenye seli moja huivunja. Ukizitoa pamoja, avibaktamu humzuia ESBL na aztreonamu inabaki salama kufanya kazi. Huo ndio msingi wa kuziunganisha.

Kutofautisha hakuhitaji mashine. Chukua kitanzi cha mikrolita 1 cha bakteria, changanya kwenye mililita 2 za mchuzi wa soya wa triptikasi, tumbukiza diski ya meropenemu ya mikrogramu 10, weka nyuzi 35 kwa saa 4. Itoe, iweke juu ya sahani iliyopakwa E. coli ATCC 25922, subiri mpaka kesho. Duara la milimita 6 hadi 15 linamaanisha dawa imevunjwa, kimeng'enya kipo, 19 na zaidi hakipo, katikati, rudia. Mrija wa pili uwe na mikrolita 20 za EDTA ya mola 0.5, inayonyang'anya zinki. Duara lake likizidi la kwanza kwa milimita 5 au zaidi, ni jamii ya NDM.

Kama hamna dawa hizo, kolistini bado ipo, na kosa kubwa ni kuianza kwa dozi ndogo. Bila dozi ya kufungulia ya yuniti milioni 9, kiwango chake kwenye damu huchukua siku kadhaa kufika panapotakiwa. Pimeni kreatinini, kipimo cha figo, mara kwa mara. Jeni ya mcr-1, inayohamisha usugu wa kolistini kwa plazmidi, iliripotiwa China mwaka 2015, na Proteus, Serratia na Morganella huikataa kolistini kwa asili yao. Mgonjwa huyo awe na chumba chake, au angalau kitanda cha pembeni chenye kipimajoto, mkanda wa presha na stetoskopu visivyotoka hapo. Majirani zake wachukuliwe sampuli za njia ya haja kubwa, maana kwa kila anayeumwa kuna wengine wanaobeba kimyakimya.

Siku zote tumeambiwa tumalize dozi. Sasa daktari amemsimamishia mume wangu dawa siku ya saba. Si atafuga usugu?
*Mke wa mgonjwa*

Dada, wasiwasi wako una msingi, lakini daktari yuko sahihi kama homa imeshuka na chanzo kimedhibitiwa. "Maliza dozi" maana yake usijikatishie mwenyewe. Haina maana kwamba dawa nyingi zaidi ni kinga zaidi. Kila siku ya ziada inawachuja bakteria wa utumbo na kuwaacha sugu. Utafiti wa BALANCE, uliochapishwa mwaka 2024, ulilinganisha siku 7 na siku 14 kwa wagonjwa 3,608 wenye bakteria kwenye damu, katika hospitali 74 za nchi 7. Ndani ya siku 90 walifariki asilimia 14.5 ya kundi la siku 7, na 16.1 ya kundi la siku 14. Siku saba hazikuwa pungufu. Nimonia ya hospitalini nayo, siku 7 zinatosha kwa wengi. Wasioingia humo ni wenye S. aureus kwenye damu, ambao huhitaji siku 14 au zaidi tangu damu ilipopimwa ikakutwa safi, na wenye maambukizi ya mifupa au valvu za moyo. Muulize daktari mume wako yuko kundi lipi, ni haki yako.

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani na kidonda chenye MRSA kinachopona. Nina wajukuu wadogo. Naweza kuwapakata?
*Bibi*

Shikamoo bibi. Wapakate. Kidonda kifunikwe bendeji kavu isiyovuja, na unawe mikono kabla na baada ya kukigusa. Taulo, wembe na kitambaa cha kunawia uso viwe vyako peke yako. Nguo na mashuka yaliyoguswa na usaha yafuliwe kwa sabuni na maji ya moto, yakauke kabisa. Mtoto mwenye upele au jeraha bichi asubiri kidogo, mpaka ngozi yake ipone. Na siku yoyote utakayorudi hospitali, hata kwa jambo dogo, sema mapema kwamba uliwahi kuwa na MRSA. Sefazolini haimwezi, na kama kuna upasuaji watahitaji kukuandalia vankomaisini kabla ya kukata.